Je, Wajua? Sumaku Ndogo, Nguvu Tele

• Zile sumaku ndogo zinazong'aa kama fedha hutengenezwa kwa neodimiamu, mojawapo ya madini adimu, pamoja na chuma na boroni. Watafiti wa Japani na Marekani walizitangaza mwaka 1983.

• Kilima cha Mrima, Kwale, kusini mwa Mombasa, kina akiba ya madini hayo adimu.

• Kuta za nyumba kongwe za Mji wa Kale wa Mombasa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sumaku hainasi. Pigilia kwanza bamba la chuma, kisha bandika sumaku za kushikia mikasi na funguo.

• Sumaku haivuti shaba. Ukiuziwa dele la kahawa la shaba, liguse kwa sumaku: ikinasa, mna chuma.

• Hewa ya chumvi hula sumaku za neodimiamu. Ganda la nikeli linalozifunika likipasuka, sumaku hushika kutu na kumomonyoka. Nyingi hupungua nguvu joto likipita nyuzi 80 za Selsiasi, basi usizibandike karibu na jiko.

• Mtoto akimeza sumaku mbili, zaweza kuvutana tumboni zikatoboa utumbo. Mkimbize hospitalini, usingoje dalili.