Kutoka Kutazama hadi Kulipa: Maduka ya Mtandaoni Kitengela na Kajiado

Afya ya duka la mtandaoni huonekana katika hesabu moja: kati ya watu mia walioingia, ni wangapi waliolipa. Tuseme tangazo la shilingi 5,000 limeleta wageni 1,000 na 10 wakanunua. Kila mteja amemgharimu mwenye duka shilingi 500. Wakinunua 20, gharama hiyo inashuka hadi 250 bila tangazo kuongezwa hata senti. Lakini mauzo yakilala, wafanyabiashara wengi wadogo hukimbilia kununua matangazo zaidi, kana kwamba tatizo ni uchache wa wageni. Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikusanya tafiti kuhusu ununuzi wa mtandaoni, inakadiria kwamba kati ya vikapu kumi vilivyojazwa bidhaa mtandaoni, takriban saba huachwa kabla ya malipo. Baadhi ya watu walikuwa wanatazama tu. Miongoni mwa wale waliokuwa na nia ya kununua, sababu inayotajwa zaidi ni gharama za ziada zilizojitokeza dakika ya mwisho.

Kitengela ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mji huo wa Kenya, ambao kitovu chake cha zamani kiliitwa Noonkopir, uko kwenye barabara ya Nairobi kwenda Namanga, yapata kilomita 30 kutoka katikati ya Nairobi. Sensa ya 2019 iliuhesabia wakazi zaidi ya 150,000, katika kaunti ya Kajiado yenye watu zaidi ya milioni 1.1. Wakazi wengi hufanya kazi Nairobi, Athi River na katika viwanda vya EPZ, vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nje ya nchi, wakitoka alfajiri na kurudi jioni, hivyo ununuzi mwingi hufanywa kwenye simu, ndani ya matatu. Njia ya kulipa nayo si kikwazo. M-Pesa ilianza Machi 2007, Lipa na M-Pesa ikafuata mwaka 2013, na leo hata muuza mboga ana nambari ya till ya kupokelea malipo. Hapa fedha ziko tayari mkononi mwa mgeni, na kinachomrudisha nyuma ni shaka.

Shaka ya kwanza ni bei. Wauzaji wengi kwenye Instagram na Facebook huweka picha ya kiatu au kochi na kuandika “bei inbox”. Wanatumaini kwamba anayeuliza ataingia kwenye mazungumzo na kushawishika. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume. Anayeulizia bei saa tatu usiku akajibiwa kesho yake mchana huwa ameshanunua kwingine, na wengine hawaulizi kabisa, kwa kuhisi kwamba bei itatajwa kulingana na sura ya akaunti yao. Bei iliyoandikwa wazi huwaondoa wasio na uwezo, na hilo ni jema: muuzaji hubaki na muda wa kuwahudumia wenye nia.

Shaka ya pili, ambayo kwa wakazi wa Kajiado huenda ndiyo kubwa kuliko zote, ni usafiri. Maduka mengi ya Nairobi hugawa wateja katika makundi mawili, Nairobi na nje ya Nairobi. Mkazi wa Kitengela hukaa katikati ya mgawanyo huo. Kisheria yuko kaunti nyingine, na akichagua “nje ya Nairobi” anaweza kutozwa sawa na aliye Kisumu, ingawa jirani yake hupanda matatu kila asubuhi kwenda mjini. Kosa jingine hutokana na fomu zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za mbali, zinazodai jina la mtaa, nambari ya nyumba na msimbo wa posta. Msimbo wa Kitengela ni 00242 na wa mji wa Kajiado ni 01100, lakini hakuna boda anayeweza kufika mlangoni kwa tarakimu hizo. Nyumba hapa huelekezwa kwa kutaja steji, shule, kanisa au kituo cha mafuta kilicho karibu, kisha rangi ya geti.

Duka linaloelewa mazingira haya huuliza mambo machache tu: nambari ya simu, eneo, na alama iliyo karibu. Huonyesha nauli ya kila eneo mapema, kwenye ukurasa wa bidhaa, kwa majina ambayo watu wanayatumia: Yukos, Milimani, Isinya, Kajiado mjini, Namanga. Pia humpa mteja nafasi ya kuchagua. Boda humletea mzigo hadi getini, ilhali kifurushi kilichopakiwa kwenye matatu hugharimu kidogo na mpokeaji hukifuata steji. Kwa aliye Namanga, mpakani na Tanzania, njia ya gari la abiria huwa ya maana zaidi, na anachohitaji kuelezwa ni saa gari linapoondoka, nambari yake ya usajili na simu ya mhudumu. Mteja anayejua hayo kabla ya kulipa hana sababu ya kupiga simu kuuliza mzigo uko wapi.

Shaka ya tatu ni hofu ya kutapeliwa, na haikuzuka hewani. Watu wamewahi kutuma fedha kwa kurasa zenye picha za kupendeza, kisha wakazuiwa wasiweze hata kuandika ujumbe. Ndiyo maana hatua ya mwisho ya malipo hutazamwa kwa makini sana. Kabla ya malipo kukamilika, M-Pesa inaweza kumwonyesha mlipaji jina la anayepokea. Ikiwa duka linajiita kwa jina moja na till imesajiliwa kwa jingine, mteja aliyekwisha kuamua hughairi papo hapo, na muuzaji hatajua kamwe kilichomkimbiza. Dawa yake ni kusajili till kwa jina la duka, au kuandika kando ya nambari: “Jina litakalotokea ni hili.” Ombi la malipo linalojitokeza lenyewe kwenye simu, mteja akabakiwa na kuweka PIN tu, hupunguza makosa ya kunakili nambari. Hata hivyo ombi hilo huisha muda haraka, kwa hiyo pawe na kitufe cha kulituma upya, na kikapu kisifutwe.

Jumia, duka kubwa la mtandaoni lililofungua shughuli zake Kenya mwaka 2013, liliwazoesha wengi kulipa baada ya kupokea. Kwa duka dogo utaratibu huo ni mzigo mzito, kwani mteja asipopokea simu, nauli ya boda ya kwenda na kurudi hutoka mfukoni mwa muuzaji. Wengi wamefikia mwafaka wa haki: mteja hulipa nauli kwanza, na bei ya bidhaa hulipwa akishaikagua. Hapo kila upande huwa umebeba sehemu yake ya hatari. Masharti ya kurudisha bidhaa nayo yaandikwe kwa lugha nyepesi, maana Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ampe mnunuzi maelezo muhimu kabla ya makubaliano.

Picha zinahitaji uangalizi wa pekee pale bidhaa inapotengenezwa kwa mkono. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa Ushanga katika kaunti saba za wafugaji, Kajiado ikiwemo, ili kuwasaidia wanawake wanaotunga shanga kufikia masoko mapana. Mkufu wa Kimaasai hauna pacha. Mnunuzi aliye Ujerumani anapaswa kuona picha ya mkufu uleule atakaoupokea, kipimo chake kwa sentimita, uzito wake pamoja na muda wa safari, na kuelezwa kwamba forodha ya nchi yake inaweza kumtoza ushuru. Picha hizo zipunguzwe ukubwa kwanza, kwa sababu ukurasa mzito humaliza bando la mgeni kabla hajaona bei.

Wapo wanaoacha kikapu kwa kusubiri mshahara tu. Kuwakumbusha kunafaa, mradi walikubali kupokea ujumbe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake. Ujumbe mmoja mwishoni mwa mwezi, ukitaja bidhaa yenyewe na nauli ya hadi kwake, unatosha. Na kabla ya kubadilisha chochote dukani, mwenye duka aandike namba za wiki kadhaa: walioingia, waliofungua bidhaa, waliojaza kikapu, waliolipa. Kisha abadilishe jambo moja, mathalani kuonyesha nauli ya Kitengela juu ya ukurasa, na kulinganisha wiki zinazofanana, kwa kuwa mauzo ya mwisho wa mwezi huwa juu hata duka lisipoguswa.