Manyuo au otomatiki kwa milima ya Kasulu na Kibondo?

Ukiagiza gari dogo kutoka Japani leo, kulipata la manyuo ni kazi. Wajapani wenyewe walishahamia otomatiki. Tangu 1991 wana hata leseni ya mtu anayeendesha otomatiki tu. Ndiyo maana IST na Noah unazoziona Kasulu mjini karibu zote hazina klachi. Kwa mnunuzi wa huku, swali langu ni moja: giaboksi ikifa, nani ataitengeneza, na kwa muda gani?

Klachi huisha. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedeli, au anayelizuia gari mlimani kwa klachi badala ya hendibreki, ataimaliza mapema zaidi. Lakini hutoa taarifa: injini inanguruma, gari halipandi. Fundi mzoefu hubadili pleti, presha na beringi, na vipuri hivyo si vya kutafutwa mbali. Otomatiki hukaa miaka bila kudai kitu, kisha siku moja inadai vyote kwa mkupuo. Mafundi wengi hawaifungui. Unaambiwa ununue giaboksi nyingine iliyotumika, aghalabu kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Unalipia usafiri, unalipia kufunga, na hujui ilikotoka ilitumikaje.

Oili nayo ina gharama yake. IST za mwanzo zina otomatiki ya gia nne, lakini Probox za kuanzia 2014 zina CVT, inayotumia mkanda wa chuma, na oili yake ni ya peke yake. Ukiwekewa yoyote iliyopo dukani, umeanza kuiua.

Kwenye mafuta, otomatiki za zamani hunywa zaidi kuliko manyuo. CVT hulingana nayo au huishinda. Tuseme tofauti ni lita 1 kwa kila kilomita 100: anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi anapoteza lita 10. Fedha hiyo inauma, ila haifikii bei ya giaboksi.

Mradi wa lami wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 hivi, umebadili hesabu kwa wanaobaki barabara kuu. Ukichepuka kwenda vijijini wakati wa masika, udongo mwekundu unakurudisha kwenye hesabu ya zamani. Kwa manyuo unaondoka na gia ya pili ili tairi zisizunguke bure, na unateremka na gia hiyohiyo, injini ikilishika gari. Otomatiki nyingi zina 2 na L kwa kazi hiyo, ila madereva wengi hawazigusi. Wanateremka na D, mguu kwenye breki, hadi breki zinachemka. Hapo kosa ni la dereva, tusilisingizie gari.

Betri ikifa kijijini, la manyuo linasukumwa na kuwaka. La otomatiki linasubiri betri nyingine. Hata kulivuta ni hatari, kwa kuwa pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Magurudumu yanayoendesha gari lazima yainuliwe. Land Cruiser hardtop zinazohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa kawaida ni za manyuo.

Raha kubwa ya otomatiki ni kwenye foleni, na Kibondo hakuna foleni. Hata hivyo, mwenye goti bovu, au familia inayotoka nyumbani kwenda sokoni na kanisani juu ya lami, ichukue otomatiki bila hofu. Anayebeba mahindi, maharage na abiria kutoka vijijini atafute manyuo, hata akisubiri miezi.

Kabla hujalipia gari la otomatiki lililotumika, lipandishe mlima likiwa na watu watano. Kama giaboksi ina kijiti cha oili, kichomoe unuse. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, rudisha ufunguo.