"Ilani", "Tangazo" na "Ukiri" katika Leseni za Programu Huria

Mfasiri wa leseni za programu za kompyuta hukutana na maneno yaonekanayo mepesi, kumbe yana uzito wa sheria. Makala haya yanakusudia kueleza matatu kati yake.

Programu huria ni ile ambayo mwenye hakimiliki ameruhusu watu waitumie, waichunguze, waibadilishe na kuigawa, maadamu wanatimiza masharti ya leseni. Mfano mashuhuri ni leseni ya BSD ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Katika umbo lake la zamani ilikuwa na masharti manne. Mawili ya kwanza yalitaka ilani ya hakimiliki ihifadhiwe kila programu inapogawiwa. La tatu lilitaka kila tangazo la biashara litajalo sifa au matumizi ya programu hiyo lionyeshe ukiri kwamba bidhaa ina programu iliyotungwa na Chuo hicho na wachangiaji wake. La nne lilikataza kutumia jina la Chuo kuisifia bidhaa bila idhini ya maandishi.

Mfasiri akitumia neno "tangazo" kwa ilani na kwa tangazo la biashara pia, msomaji hatajua ni wapi anapotakiwa kuandika nini. Akiandika "shukrani" mahali pa "ukiri", wajibu utageuka kuwa adabu tu. Tena sharti la tatu litaonekana kugongana na la nne, kwani kushukuru hadharani hukaribiana na kusifu. Huenda wengine wakasema kwamba kukiri kunanuka mahakama. Lakini twasema mtu amekiri kupokea barua, wala hapana kosa ndani yake. Akiriye hasifu wala hashukuru. Anataja lililo kweli.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Watungaji wengine waliiga sharti la tatu, kila mmoja akiweka jina lake. Richard Stallman alihesabu ukiri wa namna hiyo 75 katika toleo moja la NetBSD la mwaka 1997. Aidha, leseni ya GPL hairuhusu kuongezewa sharti kama hilo, kwa hiyo programu za pande hizo mbili hazikuweza kuunganishwa na kugawiwa pamoja.

Tarehe 22 Julai 1999 Chuo kililiondoa sharti hilo katika programu zake. Hata hivyo, uamuzi huo haukuwafunga watungaji wengine waliokwisha kuliiga. OpenSSL, kwa mfano, ilikuwa nalo mpaka toleo la 3.0 la mwaka 2021 lilipotoka chini ya leseni ya Apache.

Basi afisa anayeidhinisha tangazo la bidhaa yenye programu ya zamani hana budi kuisoma leseni yenyewe. Na mfasiri wake atumie "ilani" kwa maelezo ya hakimiliki, "tangazo la biashara" kwa maneno ya kuuzia, na "ukiri" kwa kutaja mtungaji, wala asiyabadilishane.