Wiki ya Kongowea inaanza lini?

Katika soko la Kongowea, Mombasa, malori ya nyanya, vitunguu na viazi hushusha mali usiku, na biashara ya jumla hupamba moto kabla jua halijachomoza. Mwenye kibanda kule Kisauni au Changamwe akifungua asubuhi, muuzaji wa jumla keshauza sehemu kubwa ya mali yake. Ratiba hiyo ndiyo inayoziumbua programu za simu za kuweka hesabu, hasa zikiulizwa swali dogo: wiki hii nimeuza kiasi gani?

Tuseme kreti 20 za nyanya zimeuzwa saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 5 Januari 2026. Programu nyingi hutunza wakati kwa UTC, saa za kimataifa ambazo sisi tumezitangulia kwa saa 3. Kwa hesabu hiyo kreti zile ziliuzwa Jumapili tarehe 4, saa tano usiku. Kutunza hivyo ni desturi nzuri. Balaa linaanza pale mwanaprogramu anapoyagawa mauzo kwenye mafungu ya wiki kabla ya kuyarudisha kwenye saa za Afrika Mashariki. Kila kilichouzwa kabla ya saa tisa usiku huangukia wiki iliyopita, na mwenye mali aliyekwisha kufunga hesabu na kugawana faida na mwenziwe anaikuta jumla ile imeongezeka. Majaribio ya ofisini hayalioni jambo hili kwa sababu hufanywa mchana.

Kuna njia ya mkato mbaya zaidi. Kompyuta huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita ya usiku kwa UTC. Wiki ina sekunde 604,800, basi mtu hugawanya, hutupa baki, akapata namba ya wiki. Hesabu safi kabisa, ila siku ile ya mwaka 1970 ilikuwa Alhamisi. Wiki za programu ya namna hiyo huanza Alhamisi saa tisa usiku kwa saa za Mombasa, na sijui soko lolote linalofunga daftari saa hizo.

Hata saa zikirekebishwa, kuna mzozo wa siku ya kwanza. Kiwango cha kimataifa, ISO 8601, kinasema Jumatatu. Simu za Android na iPhone hutegemea orodha ya desturi za nchi inayotunzwa na Unicode, na humo Kenya imeandikiwa Jumapili, Tanzania Jumatatu, Oman Jumamosi. Kwa hiyo mpeleka mali wa Tanga na mpokeaji wa Kongowea, wakitumia programu moja, wanaweza kupata jumla mbili kwa mauzo yale yale, na simu zote mbili zisiwe na kasoro. Tena wengi hawajawahi kugusa mpangilio wa eneo; simu imebaki na Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani kama ilivyotoka dukani. Kwa maoni yangu programu ya biashara isiiulize simu jambo hili hata kidogo. Imuulize mwenye biashara, mara moja, wiki yake inaanza siku gani, kisha ishike neno lake. Lugha za programu nazo hazielewani: Dart huiita Jumatatu 1 na Jumapili 7, JavaScript huiita Jumapili 0, Swift huiita 1.

Namba za wiki ndizo ninazoziogopa zaidi. Kwa ISO, wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka, hivyo Jumatatu tarehe 29 Disemba 2025 tayari ni wiki ya 1 ya 2026. Ukiunganisha namba hiyo na mwaka wa tarehe yenyewe, unapata “2025, wiki ya 1”, na mauzo ya kufunga mwaka yanakwenda kuchanganyika na ya Januari 2025. SQLite, hifadhidata iliyomo kwenye Android, ina namba yake inayoanza upya kila Januari mosi: siku 3 za mwisho za 2025 huwa wiki ya 52, na 4 zinazofuata huwa wiki ya sifuri. Wiki moja imepasuliwa mapande mawili.

Achana na namba. Lipe kila fungu jina la tarehe yake ya kwanza. Chukua tarehe ya hapa kwetu, toa siku zilizopita tangu siku ya kuanzia. Ijumaa tarehe 2 Januari 2026, kwa anayeanza Jumatatu, unatoa siku 4 na kufika tarehe 29 Disemba 2025: fungu ni hilo. Toa siku za kalenda, usitoe saa. Kenya haibadilishi saa zake, lakini mbia aliye London ana wiki moja ya saa 167 kila Machi na nyingine ya saa 169 kila Oktoba.

Kwa majaribio, ingiza mauzo manne: Jumatatu tarehe 28 Disemba 2026 saa nane usiku wa kuamkia siku hiyo, Alhamisi tarehe 31 mchana, Ijumaa tarehe 1 Januari 2027 mchana, na Jumapili tarehe 3 saa tano usiku. Kwa anayeanza Jumatatu, yote manne yakae fungu la tarehe 28 Disemba. Kwa anayeanza Jumapili, matatu yawe chini ya tarehe 27 Disemba na la mwisho lianze fungu jipya la tarehe 3 Januari.