Hela ya tanuri la samaki: kabla hujatuma, soma hapa

Simu ya aina hii wengi wetu tumeshaipokea, hasa sisi wa kanda ya ziwa. Mama anapiga ukiwa umetoka tu kuosha vyombo vya bosi, au ndiyo unashuka kwenye basi la saiti umechoka, anakwambia samaki wamejaa mwaloni, bei imeshuka, wanaoza. Tuma hela kidogo tujenge tanuri, tubanike, tuuze mnadani. Na mama hasemi uongo. Samaki kweli wanaoza, na akina mama wa mwaloni kweli wanasomesha watoto kwa samaki wa moshi. Lakini mwenzetu mmoja alituma mshahara wa miezi minne, tanuri likasimama zuri kabisa, na leo kuku wanatagia ndani yake. Tutaeleza lilikufaje. Kwanza tujue kitu chenyewe.

Zamani nyumbani tulibanika kwenye pipa lililokatwa, au shimo na chuma juu. Moshi unaenda kila upande, macho yanamwuma mama, samaki wa chini anaungua na wa juu bado mbichi. Tanuri tunalolisema hapa linaitwa Chorkor, jina la kijiji cha wavuvi pembeni ya Accra, Ghana. Kuanzia mwaka 1969 watafiti wa chakula wa Ghana, wakisaidiwa na FAO, waliliboresha pamoja na wanawake wa hapo. Ni boksi la tofali au udongo, urefu kama mita mbili, upana mita moja na kidogo. Ndani kuna ukuta unaoligawa mara mbili, na kila upande una mdomo wake wa kuni. Juu zinapangwa trei za mbao zenye waya wa kuku, moja juu ya nyingine, mpaka kumi na zaidi. Hapo ndipo ujanja wake ulipo: zile trei zikipangana vizuri zenyewe ndizo zinakuwa kuta za kufungia moshi. Joto halipotei, kuni zinapungua sana, na mama anabadilisha trei za chini kwenda juu bila kugeuza samaki mmoja mmoja.

Gharama si kubwa kama unavyoambiwa. Udongo wa kichuguu na tofali za kuchoma vinapatikana kijijini. Kinachokula hela ni mbao za trei, waya, saruji kidogo na paa. Paa jamani! Wengi huliacha mwisho, mvua ya kwanza inabomoa udongo. Fundi akikupigia hesabu bila paa, hiyo hesabu haijaisha.

Sasa kazi yenyewe. Samaki awe mzima siku hiyo hiyo, maana moshi haufufui samaki aliyeanza kunuka. Atolewe matumbo na mashavu, aoshwe kwa maji safi, akiwa mkubwa apasuliwe mgongoni. Wengine humloweka nusu saa kwenye maji ya chumvi, kilo moja ya chumvi kwa lita kumi za maji, kisha wanamwacha achuje kivulini. Moto wa mwanzo uwe mdogo ngozi ikauke. Halafu unaongezwa mpaka nyama iive hadi kwenye mfupa. Mwisho unarudishwa chini kabisa, moshi tu, na hapo ndipo muda unapokwenda: masaa machache kwa samaki laini wa kuliwa kesho, siku mbili au zaidi kwa yule mgumu wa kusafirishwa. Samaki laini bila barafu ni wa siku mbili tatu. Mgumu akitunzwa anakaa miezi.

Kuni ziwe za mti mgumu uliokauka, mwembe au mpera ni nzuri. Msindano hapana, una utomvu, unaacha masizi na uchungu. Mbao zenye rangi na plastiki za kuwashia moto hapana kabisa, hiyo ni sumu unamlisha mteja. Sangara naye ana mafuta mengi, yakidondokea motoni yanatoa moshi mchafu unaorudi kwenye nyama. Ndiyo maana FAO na chuo kimoja cha uvuvi Senegal walibuni baadaye tanuri jingine lenye sinia la kukinga mafuta. Kijijini unaweza kuweka bati lenye matundu kati ya moto na trei ya chini, linasaidia.

Turudi kwa mwenzetu. Tanuri lake halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye hesabu, na hesabu hii tunaomba uifanye na wewe kwa bei za kwenu. Tuseme mama amenunua sato kilo 40 kwa shilingi 7,000 kilo. Hiyo ni 280,000. Kuni, chumvi na usafiri weka 20,000, jumla 300,000. Ukitoa matumbo zinabaki kama kilo 35. Lakini samaki zaidi ya robo tatu yake ni maji, na kazi ya tanuri ni kuyafukuza hayo maji. Akishakuwa mkavu wa kusafiri utabaki na kilo 9 hivi. Gawanya 300,000 kwa 9: kila kilo imekugharimu zaidi ya 33,000 na bado hujapata hata mia ya faida. Mnadani nani atakupa hiyo?

Sasa tuseme alinunua siku samaki wamefurika, jioni, mwenye mtumbwi anataka tu kuondoa mzigo, kwa 4,000. Ni 160,000, na zile 20,000 inakuwa 180,000. Kila kilo kavu imesimama kwa 20,000. Samaki ni yule yule, tanuri ni lile lile. Kwa hiyo faida inatoka kwenye tofauti ya siku ya kufurika na siku ya ukame, tanuri linakusaidia kusubiri tu. Kaka yake mwenzetu alikuwa ananunua kila siku, bei yoyote, kwa sababu dada yuko Uarabuni na hela ipo. Mtaji ukaliwa na samaki wenyewe, na kidogo kilichobaki kikaenda kwenye ada na msiba. Hatumlaumu sana. Hakuna aliyemwambia hela ipi ni ya mtaji na ipi ni ya nyumbani, zote zilikuwa zinaingia kwenye simu moja.

Ndiyo maana tunashauri utume vipande vipande. Vifaa mlipe mwenye duka moja kwa moja. Fundi apewe nusu, nusu nyingine ukiona video ya moto unawaka na paa liko juu. Mtaji wa samaki utume peke yake, kwenye laini nyingine ikiwezekana, na uwe mdogo, wa trei mbili tatu tu. Mama akizungusha mara tatu na hela ikarudi, ongeza. Isiporudi, muulize alinunua kwa bei gani kabla hujatuma nyingine.

Na dagaa msiwadharau. Wakati wa mvua wale wa kuanika mchangani wanaoza, bei inaanguka vibaya. Mwenye tanuri lenye waya wa matundu madogo siku hizo ndiye anacheka.

Kuhifadhi: samaki apoe kabisa ndipo afungwe, kwenye tenga lenye karatasi, sio nailoni. Wadudu wakianza kutoboa, rudisha kwenye moshi moto kidogo. Kuna watu wanapuliza dawa ya wadudu. Mwambie mama asinunue wala asiuze mzigo wa hivyo.

Kuna vitu viwili vya sheria. Sangara wa chini ya sentimita 50 Tanzania haruhusiwi, hata akiwa mkavu, na akikamatwa mzigo wote unakwenda. Nyamapori nayo, watu wanauliza sana kwa sababu inabanikika vizuri: bila kibali ni kesi kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Usitume hela yako huko.

Kwa mlioko Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya: ukirudi likizo, samaki mkavu aliyetolewa matumbo unaruhusiwa kubeba hadi kilo 20 kwa kula mwenyewe. Nyama ya moshi, hata ya ng'ombe wa nyumbani, inatupwa pale pale uwanjani.