Ukijitoa kwenye somo moja chuo cha Marekani, hela ya msaada inaweza kukatika: soma kabla hujabonyeza

Najua wengine mko kafe na dakika zinakwenda, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mwezi huu nimeulizwa swali lilelile na watu watatu tofauti. Mmoja ni jamaa niliyesoma naye Kigoma. Shangazi yake alitoka kambi ya Nyarugusu na familia nzima wakahamishiwa Ohio. Binti wa huyo shangazi yuko chuo cha jamii, anasoma mchana, usiku anafanya kazi ghalani. Kemia ikamlemea, akajitoa kwenye hilo somo. Semista iliyofuata akajitoa kwenye mawili. Sasa chuo kimemwambia msaada wa serikali umesimama, na kama anataka kuendelea alipe mwenyewe. Nyumbani kwao wanauliza: jamani, hajafeli, kajitoa tu, kosa liko wapi?

Mimi nimeishia form six, chuo bado nakisikia kwa mbali. Lakini kusoma najua, na kurasa za msaada wa wanafunzi wa serikali yao ziko wazi kwa kila mtu. Nimezipitia mpaka nimeelewa mchezo unavyokwenda. Nawaeleza hapa ili mwenye ndugu kule amtumie, na anayejiandaa kwenda ajue mapema.

HELA YENYEWE NI IPI?

Huku kwetu tumezoea Bodi ya Mikopo na bumu. Kule serikali kuu inatoa msaada kwa mwanafunzi anayejaza fomu inayoitwa FAFSA. Msingi wake ni sheria ya elimu ya juu iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson mwaka 1965. Kuna mikopo, na kuna Pell Grant, ambayo ni ruzuku ya watu wa kipato cha chini, hairudishwi ukifuata masharti. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 kiwango cha juu cha Pell ni dola 7,395. Jina limetokana na Claiborne Pell, aliyekuwa seneta wa Rhode Island.

Wanaopata ni raia na baadhi ya wasio raia, wakiwemo wenye grini kadi. Aliyekwenda kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 hapati hii hela, ila naye ana balaa lake kwenye hii habari. Nitamfikia.

Kitu kingine cha kujua: kule mwanafunzi anajiandikisha somo moja moja kila semista, na kila somo lina krediti zake, mara nyingi 3. Ukiwa na krediti 12 unahesabika mwanafunzi wa muda wote. Siku za mwanzo unaweza kufuta somo likapotea kabisa kama hukuwahi kulichukua. Tarehe hiyo ikipita, ukiacha somo unawekewa herufi W kwenye matokeo, maana yake umejitoa.

Sasa hiyo W ndiyo inawachanganya watu. Mwanafunzi anaambiwa W haishushi GPA, na ni kweli kabisa. Lakini ofisi ya msajili inaisoma kwa jicho lake, na ofisi ya msaada wa fedha inaisoma kwa jicho lingine. Kwa msajili haina madhara makubwa. Kwa ofisi ya fedha ni krediti ulizolipiwa halafu hukuzimaliza.

Hela inakatika kwa njia tatu. Twende nazo taratibu.

NJIA YA KWANZA: KREDITI ZINAPUNGUA MAPEMA

Pell inapimwa kwa krediti. Tangu mwaka wa masomo 2024/25 wanatumia asilimia: krediti 12 ni asilimia 100, krediti 9 ni 75, krediti 6 ni 50. Kila chuo kina siku yake ya kuhesabu krediti za kila mtu, kwa kawaida wiki chache baada ya kufungua.

Tuseme ulipangiwa dola 3,000 za semista kwa krediti 12. Ukiacha somo moja kabla ya siku hiyo, unahesabiwa krediti 9, unapata dola 2,250. Zile 750 hazipo tena. Kama ulishanunua vitabu na kulipa kodi ya chumba kwa kutegemea 3,000, pengo ni lako.

Ukijitoa baada ya siku hiyo, na ulikuwa umeanza kuhudhuria, kwa kawaida Pell ya semista hiyo inabaki ilivyo. Hapo ndipo watu wanashangilia wakidhani wamepona. Kumbe njia ya tatu inawasubiri mbele. Na kama somo hukuwahi kukanyaga hata siku moja, chuo lazima kiliondoe kwenye hesabu, siku yoyote ile watakayogundua.

NJIA YA PILI: KUACHA MASOMO YOTE

Hii ndiyo inayoleta bili ya kushtua. Ukiacha masomo yote ya semista kabla haijafika asilimia 60, serikali inasema hela yote hukuistahili. Unastahili kwa siku ulizosoma tu.

Mfano. Semista ina siku 100, umeondoka siku ya 30. Pell yako ilikuwa dola 3,000, na ada ya chuo dola 2,000. Chuo kilichukua ada yake, kikakupa zilizobaki 1,000, ukala. Kwa kuwa umesoma asilimia 30, unastahili dola 900 tu. Dola 2,100 zinatakiwa zirudi.

Chuo kinarudisha fungu lake kwanza: asilimia 70 ya ada yake, yaani dola 1,400. Zinabaki 700 upande wako. Hapa sheria ina huruma kidogo, kwa sababu kwenye ruzuku mwanafunzi anakingwa kwa nusu ya ruzuku yake. Nusu ya 3,000 ni 1,500, na 700 haifiki huko, basi serikali haikudai kitu.

Unafurahi? Subiri. Zile 1,400 chuo kilizorudisha serikalini zilikuwa zimelipa ada yako. Sasa ada haijalipwa, kwa hiyo chuo kinakudai wewe dola 1,400. Wengi wanapata bili hii wakiwa wameshasahau habari za chuo, na vyuo vingi havikuruhusu kujiandikisha tena mpaka uimalize.

Ukivuka asilimia 60 ya semista, hela yote inahesabika ni yako. Kwa semista ya wiki 15 hiyo ni kama wiki ya 9 au ya 10. Kwa hiyo mtu anayetaka kuondoka wiki ya 8 kwa jambo linaloweza kungoja, wiki mbili za kuvumilia zinaweza kumwokoa deni.

Na msidhani kupotea kimya kimya kunasaidia. Ukifeli masomo yote kwa sababu uliacha kuhudhuria, chuo kinakuhesabu umejitoa bila kuaga. Kama chuo hakina mahudhurio ya kuonyesha ulifika mpaka lini, wanaweza kuchukua katikati ya semista kuwa ndiyo siku yako ya kuondoka. Hesabu ni ileile, na bili inakuja vilevile.

NJIA YA TATU: KIPIMO CHA MAENDELEO

Hii ndiyo iliyomkamata binti wa Ohio, na ndiyo wengi hawaioni ikija.

Kila chuo kinachopokea hela ya serikali lazima kipime kama mwanafunzi anasonga mbele. Wenyewe wanaita SAP. Kuna vyuo vinapima kila semista, vingine mara moja kwa mwaka. Wanaangalia vitu vitatu.

1. GPA. Vyuo vingi vinataka isishuke chini ya 2.0.

2. Mwendo. Unachukua krediti zote ulizomaliza, unagawa kwa krediti zote ulizojiandikisha. Vyuo vingi vinataka ipate asilimia 67.

3. Muda. Huruhusiwi kupita asilimia 150 ya urefu wa kozi. Kozi ya krediti 60 ukifikisha 90 za kujiandikisha hujamaliza, msaada unakoma.

W haigusi namba 1, lakini inakula namba 2 na namba 3. Tuchukue hesabu ya huyo binti, kila semista alianza na krediti 12. Semista ya kwanza kajitoa somo moja, kamaliza 9. Tisa kwa kumi na mbili ni asilimia 75, yuko salama. Semista ya pili kajitoa mawili, kamaliza 6. Jumla sasa ni 15 kwa 24, sawa na asilimia 62.5. Hakuna somo alilofeli hata moja, lakini msaada umesimama. Si uonevu wa mtu, ni kugawanya tu.

Na hesabu haisahau. W ya mwaka wa kwanza inakaa humo mpaka unamaliza. Isitoshe, Pell ina ukomo wa maisha, ni kama semista 12 za muda wote, na semista uliyolipiwa inakatwa humo hata kama ulitoka na W.

Hapa kuna jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Kwa upande wa mwendo, F na W ni sawa, zote hujamaliza. Lakini D kwa kawaida inahesabika umemaliza! Kwa hiyo aliye na D mkononi, na GPA yake inaweza kubeba, anaweza kuwa anajidhuru zaidi kwa kukimbilia W. Ila aangalie kwanza: kozi nyingine zinataka C kwenye masomo makuu, hapo itabidi alirudie.

Sisemi W ni mbaya siku zote. Ukiwa unaelekea F ya uhakika, W inakulindia GPA, na moja tu ndani ya mwaka mzima mara nyingi haimwangushi mtu. Ubaya ni kuibonyeza bila kupiga hesabu.

WENYE VIZA YA F-1

Nyie FAFSA haiwahusu, lakini krediti zinawahusu kuliko mtu yeyote. Mwanafunzi wa F-1 wa shahada ya kwanza anatakiwa kubaki na krediti 12 kila semista ya kawaida. Ukishuka chini ya hapo bila ruhusa ya ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako, unaharibu hadhi yako ya viza, na hilo ni zaidi ya hela. Ruhusa inatolewa kwa sababu maalumu kama ugonjwa wenye cheti cha daktari, na lazima uipate KABLA ya kuacha somo. Na kama una skolashipu ya chuo, soma masharti yake, nyingi nazo zinataka uwe wa muda wote.

UFANYE NINI KABLA YA KUJITOA?

Nenda ofisi ya msaada wa fedha kwa miguu yako au wapigie. Uliza hivi: nikiacha somo hili leo, Pell yangu ya semista hii itabaki ngapi? Mwendo wangu utakuwa asilimia ngapi? Asilimia 60 ya semista inaangukia tarehe gani? Nitadaiwa kitu? Mshauri wa masomo na mwalimu wa somo wanaweza kukwambia jitoe kwa nia njema kabisa, lakini hesabu ya hela haiko mezani kwao.

Uliza pia kama kuna somo linaloanza katikati ya semista. Vyuo vingi vya jamii vina madarasa ya wiki 8. Unaweza kufidia krediti ulizopoteza na mwendo ukakaa sawa. Na kama mwalimu anakubali umalizie kazi zako baadaye, uliza ofisi ya fedha wataihesabu vipi kabla hujafurahi.

UKISHAKATIWA JE?

Mlango haujafungwa. Vyuo vingi vinapokea rufaa. Sababu zinazotambuliwa ni kama kufiwa na ndugu, kuugua au kuumia, na mambo mengine mazito. Barua ya rufaa siyo barua ya kulia. Ieleze vitu viwili: nini kilitokea, na nini kimebadilika sasa hivi hata hakitajirudia. Weka ushahidi: karatasi ya hospitali, cheti cha kifo, barua ya mwajiri inayoonyesha zamu zako zimepunguzwa. "Nitajitahidi zaidi" peke yake haimshawishi mtu.

Rufaa ikikubaliwa unapewa semista moja ya majaribio, au mpango wa masomo wa kufuata, na hela inarudi. Ikikataliwa, unaweza kulipia masomo machache mwenyewe, ukayamaliza, asilimia ikapanda, kisha ukaomba upimwe upya. Yule binti akilipia masomo mawili ya krediti 3 na kuyafaulu, anakuwa na 21 kwa 30, ambayo ni asilimia 70. Amerudi juu ya mstari. Nimempa jamaa yangu hesabu hiyo ampelekee shangazi, pamoja na ushauri wa kuanza na rufaa kwanza, maana hizo zamu za usiku ni sababu inayoelezeka.

Haya wadau, dakika zangu nazo zinaishia. Mwenye ndugu kule amtumie hii leo, asisubiri mpaka aandikiwe barua. Na nyie mlioko vyuoni huko huko Marekani, tupieni maoni hapo chini: chuo chenu kinapima kila semista au kwa mwaka, na wanataka asilimia ngapi? Itasaidia wengine.