Binti Kiziwi wa Kisiwa cha Wavuvi

Katika hadithi nyingi tulizosomeshwa utotoni, kiziwi akitajwa huwa ni wa kuchekwa ama wa kuhurumiwa. Bi. Ann Clare LeZotte wa Marekani, ambaye mwenyewe ni kiziwi, hakukubali. Mwaka 2020 alitoa kitabu cha vijana, "Show Me a Sign", na shujaa wake ni Mary Lambert, binti wa miaka 11, asiyesikia.

Hadithi ni ya mwaka 1805, kisiwani Martha's Vineyard, mashariki mwa Marekani. Mary na babake ni viziwi, mamake anasikia. Kaka yake amekufa ajalini, naye Mary anajilaumu kimoyomoyo. Huzuni ya nyumba hiyo ni ya msiba. Haina uhusiano na masikio ya mtu.

Na kisiwa chenyewe, ndugu msomaji, si cha kubuni. Uziwi uliingia huko karne ya 17 pamoja na wahamiaji wa Kiingereza. Watu wakaoana wao kwa wao, ukarithiwa. Katika karne ya 19, kijiji cha Chilmark kilikadiriwa kuwa na kiziwi 1 kwa kila watu 25. Basi kila mtu, asikiaye na asiyesikia, alijua kusema kwa mikono. Wavuvi walizungumza hivyo mashua kwa mashua, na ajuaye bahari ajua jinsi upepo unavyomeza sauti! Kiziwi wa mwisho wa kizazi hicho alifariki mwaka 1952.

Sasa aja mtaalamu kijana kutoka bara kuchunguza asili ya uziwi, na mwishowe amteka Mary, ampeleka Boston kama kitu cha kupimwa. Huko, hakuna aijuaye lugha yake. Hapo ndipo Mary anapofanywa kilema kwa mara ya kwanza, ilhali masikio ni yale yale.

Kisa cha ardhi ya Wawampanoag, wenyeji wa asili, kimesongamana kidogo humo ndani. Lakini sura za Boston hazikuachi ukakiweka kitabu chini.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 imeiingiza Lugha ya Ishara katika lugha rasmi za Bunge. Nani basi atatuandikia, kwa Kiswahili, mtoto kiziwi wa Lamu ya zama za majahazi, aliyeliona tanga likiingia kabla wenzake hawajasikia kelele za forodhani?